Pua ya Fundi na Jibini ya Mkwe

Fundi viatu mmoja alikuwa na pua ambayo mtaa mzima uliiheshimu. Haikuwa kubwa wala ya kupendeza, lakini ilikuwa imesoma. Kiatu kikiingia kibandani kwake, kabla hajatazama soli wala kuvuta kamba, alikiinua mpaka usawa wa uso, akavuta pumzi fupi, akajua habari zake zote: huyu anasimama kutwa jikoni, huyu hupanda pikipiki mvua ikinyesha, huyu ana soksi moja tu na ya pili kaazima kwa mkewe. Kinyaa hakuwa nacho. Mkate wake wa saa nne aliulia palepale mezani pa kazi, kati ya kopo la gundi na buti za wachimba mitaro, na haikutokea siku tonge likamgomea kooni.

Tena hakuwahi kumwambia mteja kwamba miguu yake inanuka. Alisema daktari hamcheki mgonjwa. Badala yake aliweka kopo la dawa aliyoichanganya mwenyewe, shabu iliyosagwa pamoja na poda ya watoto wachanga, na kabla ya kumrudishia mtu kiatu chake alikinyunyizia ndani kimyakimya. Mteja alikwenda zake mguu mkavu, asijue kama amesitiriwa.

Nyumbani, sasa, hadithi ilikuwa nyingine. Kwenye chakula pua ileile iligeuka hakimu asiyekubali rufaa. Maziwa yakifikiria tu kuchacha, aliyakataa akiwa bado yuko mlangoni. Maini hakula kwa sababu, alisema, yananuka maini. Jirani aliwahi kuwaletea mayai ya bata, mkewe akayachanganya na ya kuku bila kusema neno, na fundi alisogeza sahani kabla hajashika kijiko. Mkewe alikuwa akiwaambia wenzake kwamba yeye hakuolewa na fundi, aliolewa na mbwa wa polisi.

Mtoto wao mmoja tu, binti, aliuza dawa katika duka moja la mjini. Jokofu la duka lile lilipoharibika alikuja kijana kulitengeneza. Jokofu lilipona siku ileile, lakini kijana aliendelea kuja kulikagua wiki baada ya wiki, mpaka mwenye duka akauliza kama lina ugonjwa wa kurithi. Mwishowe kijana akasema wazazi wake wangependa kuja kuonana na wazazi wa binti. Fundi akauliza ni watu gani hao. Binti akajibu kuwa ni wafugaji wa mbuzi, wanakaa juu milimani kwenye baridi, watu wapole. Zaidi ya hapo hakusema, na baadaye ilijulikana kwamba kutosema kwake hakukuwa kwa kusahau.

Siku ya wageni mama mwenye nyumba alifua mapazia, akaosha zulia jekundu la sebuleni mpaka likarudiwa na ujana, akachinjisha kuku. Dada mkubwa wa fundi alifika mapema kusaidia, yaani kukaa kwenye kiti cha jikoni na kuelekeza. Huyu ukoo mzima ulimwita Kipaza, kwa sababu neno likimwingia sikioni lilimtokea kinywani likiwa limeongezewa sauti.

Wageni wakaja mchana. Baba alikuwa mrefu, mkimya, mwenye mikono mikubwa na soksi nene za sufu. Mama alikuwa mfupi, mtu ambaye kicheko hakikai naye mbali. Kijana wao alikuwa amenyoa mpaka masikio yanang'aa. Kwa ajili ya lile zulia wote walivua viatu barazani wakavipanga vizuri ukutani. Mama mgeni alikuwa amebeba kikapu kilichofunikwa kitambaa. Mwenyeji akanyoosha mikono kukipokea, mgeni akakirudisha kifuani kwa adabu, akasema hicho kina wakati wake, kwanza watu wajuane. Akaingia nacho, akakisukuma chini ya kiti cha mumewe.

Ndani ya kikapu mlikuwa na jibini ya maziwa ya mbuzi, nzima, mviringo, kubwa kama kigoda. Ilikuwa imelelewa miezi na miezi ndani ya chumba chenye giza, na siku hiyo ilikuwa imesafiri tangu alfajiri ndani ya gari lenye joto. Kwa hiyo ilikuwa imeanza kujitambulisha. Lakini fundi hakukitazama kikapu. Jibini aliyoijua yeye ilikuwa ile ya dukani, ya njano, ya vipande vya mraba, ambayo hata ukiilaza chini ya mto haikusumbui. Pua yake ilipopata habari, macho yalikwenda moja kwa moja kwenye soksi za sufu.

Hakukurupuka. Alivuta pumzi ya kwanza, akavuta ya pili, akapima. Mbuzi? Hapana, mbuzi alimjua, harufu ya mbuzi hupanda juu ikakuchoma kwenye paji la uso. Zulia lililolowa? Hapana. Hii ilikaa chini, nzito, tamu kidogo pembeni, na ilikuwa na mkia mrefu. Hii ilikuwa miguu. Ilikuwa miguu ya mtu mzima iliyofungiwa ndani ya mpira msimu wa mvua ikasahauliwa humo. Katika maisha yake yote ya kazi fundi hakuwahi kukutana na miguu iliyokomaa namna ile, na kama ingemfikia kibandani angeipokea kwa heshima zote. Lakini hapa palikuwa sebuleni, kuku alikuwa anakaribia kuiva, na mwenye miguu alikuwa anakaribia kuwa ndugu.

Mkewe naye alikuwa ameisikia. Alisema kumezidi joto, akafungua madirisha yote, hata lile lililokwama tangu mwaka juzi. Kipaza alitoka jikoni kuja kusalimia, akafika mlangoni, akasita kama aliyekanyaga waya wa umeme, akatoa salamu fupi kuliko zote alizopata kutoa maishani, akarudi alikotoka.

Wageni waliyaona haya yote wakayasoma kwa herufi zao. Kwao harufu ile ilikuwa harufu ya nyumbani, ya kazi iliyokwenda sawasawa. Walipoona pua za wenyeji zinatanuka walitazamana kwa furaha. Binti alikuwa amekwisha kumweleza mkwe mtarajiwa kwamba baba yake ana pua isiyo na mfano, na mzee akaridhika moyoni kwamba mwenyeji ameitambua jibini yake, ila ustaarabu unamzuia kuuliza.

Fundi aliomba udhuru akaenda jikoni, na huko pakakaliwa kikao cha dharura. Mkewe alishika msimamo kwamba mgeni haambiwi jambo kama hilo, watavumilia, jioni wataondoka, yaishe. Kipaza alinong'ona, na mnong'ono wake ulisikika mpaka kwenye kamba za kuanikia nguo za jirani, kwamba mkwe si mvua ya kupita. Mtu huyo atakuja harusini, atakuja kwenye vikao vya familia. "Na mjukuu wako je," alimwambia mdogo wake, "akizaliwa na miguu hiyo utamlaumu nani?"

Swali hilo lilimwingia fundi. Akawatuliza, akasema hayo ni maradhi kama maradhi mengine, yeye ameyatibu mengi, na kwa kuwa ni mwenye ujuzi atamuuliza mzee mwenzake kwa upole, wanaume kwa wanaume, bila kumvunjia heshima. Binti na mchumba wake wakatumwa wakalete barafu. Mama mgeni akaalikwa jikoni aone kuku. Fundi akapiga moyo konde, akarudi sebuleni, akaketi kiti cha jirani na cha mgeni.

Walizungumza kwanza habari za barabara na za mvua. Kisha fundi akasogea karibu, akashusha sauti.

"Mzee mwenzangu, niwie radhi kwa kuuliza. Hii ina muda gani?"

Mgeni aliinamisha macho kule chini, ilikokuwa miguu yake na nyuma ya miguu kikapu. Uso ukamkunjuka kama mtu aliyeulizwa habari za mjukuu.

"Kumbe umeisikia."

"Nimeisikia tangu mlipoingia."

"Ina miezi minane," alisema mgeni. "Nilitaka kuiacha itimize mwaka, mama yake kijana akasema hapana, watu wa mjini watakimbia."

Fundi alikubali kwa kichwa, taratibu. Alifurahi kwamba mtu mwenyewe hakuona haya, maana mgonjwa asiyeficha hupona upesi. Akamuuliza kama huiosha.

"Naiosha. Siku moja naiosha, siku moja naipumzisha. Maji ya chumvi na kitambaa safi, naifuta pande zote, naigeuza, halafu naiweka kwenye giza na unyevu."

"Giza na unyevu ndivyo vinavyoiharibu, mzee wangu."

"La," mgeni alisema kwa upole wa mtu anayezungumza na mwanafunzi mzuri. "Giza na unyevu ndivyo vinavyoikuza. Hapo ndipo inapoota ule utandu wa nje, wa rangi ya chungwa. Ukiugusa unanata. Ukiuona, ujue sasa imekolea."

Fundi alipekua kumbukumbu zake. Utandu mweupe aliufahamu, wa kijani alikwisha kuuona mara moja kwa mvuvi wa mtoni. Wa rangi ya chungwa ulikuwa mgeni kwake.

"Haikuwashi?" aliuliza.

"Inawasha kidogo tu ulimini."

Hapo fundi alijikuna sikio. Alidhani masikio yamemdanganya, akajaribu njia nyingine, akauliza watu wa nyumbani wanaichukuliaje.

"Wanaipenda," mgeni alisema, na macho yake yakalainika. "Huyu kijana alipokuwa mdogo, yeye na dada zake walikuwa wakigombania kuikwangua kwa kisu, wakala yale magamba ya juu. Mama yao aliwachapa, wapi. Sasa majirani nao wamezoea. Wakisikia tu kwamba imeiva, wanakuja na mikate yao."

Fundi aliegemea nyuma. Jasho lilikuwa limemtoka shingoni pamoja na upepo wote uliokuwa ukipita madirishani. Alimtazama mtu yule mpole, mwenye mikono safi na maneno ya taratibu, akajiuliza itakuwaje kumpeleka binti yake katika nyumba kama ile, na kwa upande mwingine itakuwaje kumwambia binti sababu ya kutompeleka. Akasema tu, "Haya, kila mtu na kwao," akainuka.

Huko barazani viatu vilikuwa vimepangwa, na kopo la dawa lilikuwa kwenye mfuko wake wa kazi nyuma ya mlango. Mambo ya magamba na majirani hakuyaweza, lakini viatu aliviweza. Kwa haraka hakuvinusa, wala hakujua vipi ni vya nani kati ya vile vyeusi, kwa hiyo akanyunyizia vyote, vya mzee, vya kijana, vya mama, kisha akaona kipimo cha kawaida hakitoshi kwa hali kama hii akaongeza, akaongeza tena, mpaka kopo likawa linalia kama ngoma tupu. Alipogeuka alimkuta binti yake amesimama kwenye ngazi na mfuko wa barafu, anamtazama. Baba akajifanya anafukuza mdudu. Binti akapita kimya, mabega yakimtikisika, na baba akadhani ni baridi ya barafu.

Chakula kikaandaliwa, wote wakarudi sebuleni. Kipaza alikaa karibu na dirisha kiasi kwamba nusu yake ilikuwa nje. Mwenyeji akawa anataka kuwakaribisha, ndipo mgeni akainua mkono, akasema kabla hawajala angependa watoe kile walichokuja nacho, maana mwenye nyumba ameuliza maswali mazuri sana na si haki kumweka roho juu. Mama mgeni akakumbuka kwamba kisu chake cha waya, cha kukatia jibini, kimebaki garini. Akatoka mwenyewe kukifuata.

Walisikia mlango wa gari ukifunguliwa, ukafungwa. Walisikia viatu vikivuliwa barazani. Kisha mama mgeni akaingia, na kila alipokanyaga kwenye zulia jekundu aliacha unyayo mweupe, mzuri, wenye vidole vyote. Aligeuka akaziangalia nyayo zake zikimfuata kutoka mlangoni.

"Viatu vyangu vimejaa unga," alisema, si kwa kulalamika, bali kwa kutaka kujua.

Kijana akatoka kutazama vya kwake, akarudi amevishika mkononi. Alipovigeuza kikatoka kiwingu kizima kikatua juu ya bakuli la saladi. Hapo macho yote, kwa njia moja au nyingine, yakaishia kwa fundi. Mkewe alikuwa anatazama dari.

"Ni dawa," fundi alisema. "Ya miguu."

"Miguu ya nani?" aliuliza mgeni.

"Yako, mzee mwenzangu. Nisamehe."

Mgeni hakukasirika, wala hakucheka. Alizitazama soksi zake, akaukunja mguu mmoja kwa mikono miwili mpaka karibu na uso kama mtu anayetaka kutenda haki, akaunusa, akaurudisha chini, akasema miguu yake haina neno. Kisha akainama akatoa kikapu chini ya kiti, akakipakata, akafunua kitambaa. Harufu iliyokuwa imekaa chini ikasimama wima. Pale mbele yao ilikuwepo jibini, na ngozi yake ilikuwa ya rangi ya chungwa.

Fundi aliiona rangi ile, na mazungumzo yote ya mchana yakarudi kichwani mwake kuanzia mwisho kwenda mwanzo.

"Kwa hiyo uliponiuliza kama naiosha," mgeni alisema polepole.

"Miguu."

"Na nilipokwambia majirani wanakuja na mikate..."

Aliyejibu alikuwa mama mgeni, ambaye alikaa palepale zuliani, kisu cha waya mkononi, akicheka mpaka machozi yakamfika kidevuni. Kipaza akajiunga naye kutoka dirishani bila kujua bado hadithi yenyewe, akadai asimuliwe tangu mwanzo, na aliposimuliwa na binti ilibidi ashikwe asije akaangukia nje. Hata kijana, aliyekuwa amekaa mkao wa mtihani siku nzima, aliziba uso kwa viatu vyake.

Mgeni peke yake hakucheka. Aliipapasa jibini kwa kiganja kama mtu anavyompapasa mtoto aliyesukumwa na wenzake. "Watu huniuliza bei," alisema, na alikuwa anasema na fundi tu. "Nikiwaambia, huuliza kama haiwezi kupungua. Wewe ni wa kwanza kuniuliza inaishije. Nilikuwa namwambia mama yake kijana njiani, nyumba hii tutaelewana."

Maneno hayo yalimchoma fundi kuliko kama angetukanwa. Alikuwa fundi, alijua maana ya mtu kukuuliza umeshonaje badala ya umeshona kwa kiasi gani, na alijua huulizwi hivyo kila mwaka. Aliona amempokonya mwenzake kitu ambacho hajui atakirudishaje. Hakukuwa na njia ila moja, na ilikuwa imepakatwa mbele yake.

"Ikate," alisema.

Mkewe alimgusa goti chini ya meza. Kipaza akanyamaza, jambo ambalo lilimtisha kila mtu. Mama mgeni alipitisha waya, jibini ikafunguka, ndani nyeupe, laini, ikilegea kidogo ukingoni, na kipande kikawekwa juu ya mkate mbele ya fundi.

Akakiinua. Buti za mchimba mitaro zikaja zote, na kamba zake. Hapo ndipo alipogundua jambo la ajabu juu yake mwenyewe, kwamba harufu hii hasa, kwa miaka yote hii, haikuwahi kumchukiza. Ilikuwa ni harufu ya riziki yake. Alikuwa akiivuta kutwa na mkate mkononi. Kilichomshinda sasa kilikuwa pahali pake: harufu ya kiatu iko ndani ya kiatu, haiwekwi juu ya mkate, na pua yake, ambayo haikuwahi kuukataa mguu uliokaa mahali pa mguu, ilikuwa inapiga kelele kwamba kuna mtu amekosea mlango. Akaziba pua kwa vidole viwili, akafumba macho, akatia kinywani, akatafuna haraka.

Alisubiri balaa, halikuja. Palikuwa na chumvi, na ulaini kama wa siagi, basi.

"Ukiziba pua umekula chumvi tu," mgeni alimwambia. "Iachie."

"Nikiiachia nitaaibika hapa mbele yenu."

"Hutaaibika. Usifikiri kiatu. Fikiria sufuria ya maziwa iliyoungulia chini, ukaikwangua mwenyewe wakati mama hayupo."

Fundi akaiachia pua. Harufu ikaja, lakini safari hii haikupita mbele, ilipandia nyuma ya koo, kwa mlango wa uani, na kwa mlango ule haikuwa imevaa buti. Yalikuwa maziwa yaliyoungulia. Zilikuwa karanga, tena zile zilizokaangwa mpaka karibu kuungua. Nyuma yake kulikuwa na nyasi zilizolowa, na moshi kidogo. Alitafuna kwa mwendo wa mtu anayesikiliza. Kila aliyekuwepo alikuwa anamtazama mdomo.

Alipomeza alisogeza sahani mbele.

"Hiki kilikuwa cha adabu," alisema. "Nipe kingine nionje."

Hapo ndipo mgeni alipocheka kwa mara ya kwanza, kicheko kizito cha chini kilichotingisha kikapu. Binti akala, na alivyokuwa anakula ilionekana wazi haikuwa mara yake ya kwanza. Kipaza alionja kipande kidogo kama ukucha, akatangaza kwamba si kibaya, ila yeye ataendelea kukaa dirishani. Mama mwenye nyumba hakuonja. Alisema kwa heshima kubwa kwamba kuku wake atapoa, na kwamba wakwe anawapenda, mchumba anampenda, mbuzi wao wote anawapenda, lakini kitu kile hakitalala chini ya paa lake. Hakuna aliyebishana naye. Walikula, wakazungumza, wakapanga mwezi wa harusi, na zulia halikupigwa brashi mpaka wageni walipoondoka, kwa kuwa mama mgeni alikataza nyayo zake zisifutwe akiwa bado anazicheka.

Wageni walipokwisha kwenda, fundi alimkuta binti yake anaosha glasi, akamuuliza kwa nini hakumwonya. Binti alisema alikuwa amepanga kumwambia, akabadili nia.

"Ningekwambia wanaleta jibini inayonuka, ungesema hapana hapohapo, kabla wageni hawajatoka kwao. Na wewe ukishasema hapana, baba, hurudi nyuma."

"Na uliponiona na kopo?"

Binti alisuuza glasi muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Hapo, kusema kweli, nilitaka tu kuona utafika wapi."

Fundi alitafuta hasira hakuipata. Alichukua kitambaa akaanza kufuta glasi.

Jibini iliyobaki ilihamia kibandani jioni ileile, na huko ikapata makao. Fundi aliiweka kwenye rafu ya juu, ndani ya kitambaa chake cha maji ya chumvi, akawa anaigeuza kama alivyoelekezwa. Hapakuwa na mahali pazuri zaidi kwa ajili yake katika mji mzima, maana hakuna aliyeingia pale akaishuku. Wateja walidhani ni viatu vya wenzao. Mwalimu mmoja, mwanamke nadhifu aliyeleta visigino vyake kubandikwa, alijifunika pua akauliza ni nani asiye na haya aliyeleta viatu vya namna hiyo. Fundi, mdomo umejaa, alimjibu kwamba mwenyewe anakaa milimani na ni mtu wa heshima.

Mkwe alizoea kushuka mjini kuuza jibini zake, na kila aliposhuka alipitia kibandani na mkate. Walikaa kwenye benchi, wakila, mmoja akieleza habari ya chumba chake cha giza, mwingine akieleza kwa nini ngozi ya mbuzi haifai kwa soli. Maneno hayakuwa mengi, na mara nyingi mteja alisimama akisubiri mpaka wamalize.

Jambo moja tu lilimsumbua fundi. Siku moja mlinzi wa benki alimletea buti zake, za usiku mwingi na mvua nyingi. Fundi alikiinua kimoja mpaka usawa wa uso, akavuta pumzi yake fupi kama kawaida, na tumbo lake likanguruma kwa nguvu mpaka mlinzi akamkaribisha ndizi. Aliona haya sana. Hilo hakumwambia mkewe wala binti wala mkwe. Alimwambia dada yake peke yake, kwa siri, na kabla ya jioni mtaa mzima ulikuwa unampa pole ya njaa.